ULISOMA WAPI? MARADHI YA KUPIMANA KWA MAJINA YA VYUO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, ambaye elimu yake haina mwanzo wala mwisho. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyefundisha ulimwengu wala hakuwahi kushika kalamu. Amma baad.



Somo la leo litawaudhi baadhi yenu, hasa ninyi vijana mlio ughaibuni mnasoma, na ninyi wazazi wao tulio nao huku nyumbani. Nisome mpaka mwisho, kisha ukitaka kukasirika, kasirika ukiwa umenielewa.

Wanafunzi wetu wakikutana huko nje, iwe London, Istanbul, Pune au Madina, baada ya salamu linakuja swali moja: "Uko chuo gani?" Swali lenyewe halina ubaya. Mtu akiwa mbali na kwao anapenda kumjua mwenzake. Ubaya uko katika kinachofuata. Jibu likishatoka mdomoni, kila mmoja anajua akae wapi, nani azungumze na nani anyamaze, nani ataalikwa Ijumaa kula wali na nani atasahauliwa.

Ngazi zao zinajulikana. Aliye Marekani au Uingereza yuko juu. Anafuata wa Ujerumani na Canada. Kisha wa Uturuki na Malaysia. Wa India na China wanaambiwa walikwenda huko kwa kuwa ada ni nafuu. Wa Uganda na Sudan hawahesabiwi kabisa kwamba wametoka nje. Na ndani ya nchi hiyo hiyo moja kuna ngazi nyingine: aliyepata skolashipu anamdharau aliyelipiwa ada na baba yake, na anayesoma uzamivu anaona tabu kukaa meza moja na anayesoma shahada ya kwanza, ingawa wote wametoka Manyara na wote wamelelewa kwa uji wa mahindi.

Na sisi watu wa dini tusijifiche nyuma ya kanzu. Kwetu ngazi ni zile zile, majina ndiyo yamebadilika. Juu yuko aliyesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichofunguliwa 1961. Kisha wa Al-Azhar ya Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Kisha wa Tarim, kisha wa Khartoum. Chini yao aliyesoma Zanzibar au Morogoro. Na chini kabisa, mahali ambapo hata mkeka haufiki, yuko mwalimu wa madrasa aliyewafundisha hao wote alif, be, te.

Nasema hivi: huu si upenzi wa elimu. Hiki ni kibri kilichovaa joho. Na nitakuonyesha hoja moja baada ya nyingine.

KWANZA: HOJA HII INA MWENYEWE

Jiulize nani alikuwa wa kwanza kujiona bora kwa sababu ya alikotoka. Ni Iblis. Allah alipoamrisha malaika wamsujudie Adam, Iblis hakusema kwamba ana amali nyingi zaidi. Alitazama asili. Yeye katoka kwenye moto, Adam katoka kwenye udongo. Akaona kwamba hilo peke yake linatosha. Soma Suratul Aaraf aya ya 11 hadi 13 uone mwisho wake ulikuwaje.

Sasa wewe unayesema "mimi natoka chuo fulani, yule katoka chuo gani kile", umeongeza nini juu ya hoja ya Iblis? Umebadilisha moto ukaweka jina la mji.

Msome pia Qaruni katika Suratul Qasas. Watu wake walipomnasihi asijivune na mali, alijibu kwamba ameipata kwa elimu aliyonayo. Hakumtaja Allah. Akatoka mbele za watu na mapambo yake, na wale wanaopenda dunia wakatamani wangekuwa kama yeye. Ndugu yangu, hebu tazama picha tunazotumiana kwenye simu: kijana amesimama mbele ya lango kubwa la chuo, koti refu, mkono mfukoni. Chini yake maoni 200 ya watu wanaotamani. Na yeye huenda alikwenda pale kwa kozi ya wiki mbili, au alikuwa anapita njia.

Hata Nabii Musa (a.s.), ambaye Allah alizungumza naye, aliulizwa nani mjuzi zaidi katika watu, akajibu kwamba ni yeye. Hakusema uongo kwa kadiri ya alivyojua. Lakini Allah alimkosoa kwa kutoirudisha elimu kwake, akamsafirisha safari ndefu kwenda kujifunza kwa mja ambaye hakuwa na jina mbele za watu. Kisa kiko katika Suratul Kahf. Musa hakumuuliza Khidhri amesoma wapi. Aliomba amfuate apate kufundishwa.

PILI: HIYO NAFASI YA CHUO WAMEIPATAJE?

Vijana wengi wananitajia orodha za vyuo bora duniani. Chuo changu ni cha 50, chuo chake ni cha 800. Sawa. Umewahi kuuliza orodha hizo zinatengenezwaje?

Iko orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003. Katika alama zake 100, alama 30 zinatokana na tuzo kama ya Nobeli: 10 kwa wahitimu wa zamani walioipata na 20 kwa walimu walioipata. Yaani mzee mmoja wa watu aligundua jambo maabara wakati babu yako anachunga ng'ombe, chuo kikapanda, na leo wewe unatembea kifua mbele kana kwamba umegundua wewe. Iko orodha nyingine ya QS, ambayo kwa miaka mingi alama 40 katika 100 zilitokana na kuwauliza maprofesa duniani ni vyuo gani wanavyoviona vizuri. Ni sifa inayozaa sifa. Ukijulikana, utatajwa, ukitajwa, utajulikana.

Katika hesabu zote hizo, hakuna mahali panapouliza kama wewe, mwana wa fulani wa Hanang, umeelewa ulichofundishwa. Wala hakuna panapouliza kama utamfaa mtu yeyote ukirudi.

Mtazame Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekwenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi. Udaktari wake aliupata Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na hapo hapo akafundisha mpaka akastaafu. Hakutokea Oxford wala Cambridge. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Siku hiyo Waswahili wote walikuwa ndugu zake. Lakini nakuuliza kwa haki: miaka ya nyuma, angekaa kwenye duara lenu la kupimana vyuo, mngempa kiti?

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya Waswahili peke yetu. Wahindi wana vyuo vyao vya ufundi vinavyoitwa IIT, ambavyo mtihani wa kuingia ni mgumu sana, na mamia kwa maelfu ya vijana wanaufanya kila mwaka. Mhindi wa IIT akiwa Marekani anasoma uzamili au uzamivu, wenzake wanataka kujua ni IIT ya mji gani, na alikuwa wa ngapi kwenye ule mtihani. Mtu anaweza kufika umri wa kuwa na wajukuu bado anaibeba ile namba ya alipokuwa kijana wa miaka 18. Na aliyeingia kupitia nafasi zilizotengwa na serikali kwa watu wa matabaka yaliyodhulumiwa, anasemwa kwamba hakustahili, hata akifaulu vizuri kiasi gani. Umeona? Tabaka la zamani limeingia chuoni, limevaa miwani, limejiita uwezo.

Mwaka 2023 IIT ya Madras ilifungua tawi Zanzibar, tawi la kwanza la IIT nje ya India. Ni heri kubwa kwetu, na namwomba Allah vijana wetu wanufaike. Lakini tuchukue hesabu yao na kompyuta zao. Yale ya kuulizana ulikuwa wa ngapi, tuwaachie wenyewe.

TATU: ALIYEKUWA JUU KULIKO NINYI NYOTE AKAIONA HATARI

Imamu Ghazali (Allah amrehemu) alitoka Tus, katika Khurasan, mbali na Baghdad. Mwaka 484 Hijria, yaani 1091, aliteuliwa kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Kwa zama zile hapakuwa na cheo cha elimu kilichozidi hicho. Wanafunzi kwa mamia, mawaziri wanamsikiliza, jina linavuma kote.

Miaka minne baadaye aliondoka. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake cha Al-Munqidh kwamba aliipekua nia yake katika kufundisha, akaikuta si ya Allah tupu, bali inasukumwa na kutafuta jaha na kuvuma kwa jina. Alivutana na nafsi yake miezi, mpaka ulimi ukagoma darasani. Akaiacha kazi, akaenda Sham, akazuru Baitul Maqdis, akahiji, akajifungia na ibada. Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipoandika Ihya, kitabu ambacho mpaka leo kinasomeshwa katika misikiti yetu ya Pwani na Bara.

Tafakari. Mtu aliyestahiki kweli kukaa juu alikiogopa kile kiti. Wewe hujamaliza hata muhula wa pili, unakitafuta.

Na Hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) inatosha kumkosesha usingizi mwenye elimu. Katika watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa na kuburutwa motoni Siku ya Kiyama, mmoja ni yule aliyejifunza na kufundisha na kusoma Qur'ani ili aambiwe kuwa ni mwanachuoni, na akaambiwa. Malipo yake alishayapokea duniani. Hakuulizwa alisoma wapi. Aliulizwa alifanyia nini.

NNE: MADHARA YAKE TUNAYAONA KWA MACHO

La kwanza ni uongo. Kijana akishajua kwamba heshima yake iko kwenye jina la chuo, atalilinda jina kwa gharama yoyote. Akifeli mtihani atasema utafiti umerefushwa. Skolashipu ikikatika atasema amebadilisha kozi. Anafanya kazi za usiku ghalani, anabeba maboksi, kazi ya halali isiyo na aibu yoyote, lakini nyumbani anatuma picha ya maktaba. Miaka inapita. Baba anaugua, harudi, kwa sababu atarudije bila cheti? Mama anafariki, anazikwa bila mwanawe. Ninyi mnadhani mtoto amewasahau. Wengine hawajasahau, wanawaogopa. Wanaogopa swali letu.

La pili ni dhulma kwa wazazi. Hapa kwetu mtu anauza ng'ombe, anauza alizeti ikiwa bado shambani, anakodisha ekari zake kwa miaka mitano, mtoto aende nje. Ukimwambia kozi hiyo hiyo ipo Dodoma, ipo Mbeya, ipo Dar es Salaam, kwa gharama ndogo na mkopo wa serikali anaweza kuomba, anakutazama kama unamtakia mabaya. Hataki kozi. Anataka kusema barazani "mwanangu yuko nje". Baba yangu, mama yangu, hapo hujamsomesha mtoto. Umejinunulia neno la kusema, na bei yake ni chakula cha wadogo zake.

La tatu ni katika posa. Binti anaposwa na kijana mwenye dini, mwenye kazi ya mikono, fundi umeme aliyetoka VETA, anaswali swala tano. Anaambiwa asubiri. Kwa nini? Kuna mwingine anasoma nje. Dini yake haikuulizwa. Tabia yake huko aliko hakuna anayeijua. Jina la nchi limekuwa mahari. Mtume (s.a.w.) ametuusia tumkubali yule tunayeiridhia dini yake na tabia yake, na akatuonya kwamba tusipofanya hivyo itatokea fitina kubwa. Hakuongeza sharti la tatu.

La nne linaniuma zaidi. Katika misikiti yetu mingi ya Bara yuko mzee mmoja. Amefundisha watoto miaka 30 chini ya bati lenye matundu. Mshahara wake ni sahani ya ugali na shilingi mbili tatu za Alhamisi. Kila anayeweza kusoma Alhamdu katika kijiji kile, ameipata kwake. Halafu likizo anakuja kijana kutoka nje, ana vyeti viwili na kilemba kizuri. Siku ya Idi yule mzee anasogezwa pembeni, kipaza sauti anapewa kijana. Kijana anasimama, na maneno yake ya kwanza ni kwamba watu wa huku hamjafundishwa dini.

Yaa Allah! Nani alikufundisha wewe herufi ulizozipeleka huko? Ulipofika kwenye lango la hicho chuo, ulikuwa na nini mkononi isipokuwa alichokupa huyu mzee?

Suratu Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), aliyekuja kutaka kujifunza wakati Mtume (s.a.w.) anawashughulikia wakubwa wa Makuraishi akitarajia wasilimu. Nia ilikuwa njema, bado Allah alimkumbusha Mtume wake kwa ajili ya mtu asiye na cheo. Sisi tunawageuzia visogo watu wa namna hiyo kila Ijumaa, na nia yetu hata si njema.

TANO: HUKO NJE HAWAZIONI NGAZI ZENU

Mnapangana juu na chini mkidhani wenyeji wanawapanga hivyo hivyo. Kumbukeni Bengaluru, India, mwisho wa Januari 2016. Mwanafunzi wa Sudan aligonga kwa gari na kumuua mama mmoja wa pale. Baadaye kidogo likapita gari lenye wanafunzi wetu wa Kitanzania, ambao hawakuhusika kwa lolote. Kundi la watu likawashambulia, likamdhalilisha binti wa watu, likachoma gari. Hakuna aliyeuliza huyu anasoma chuo gani, anasoma uzamili au shahada ya kwanza, Mtanzania au Msudani. Waliona rangi moja. Wewe unayemdharau Msudani kwa chuo chake, siku hiyo mlikuwa kitu kimoja.

Au kumbukeni Khartoum. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kimesomesha Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Tarehe 15 Aprili 2023, ndani ya Ramadhani, vita vikaanza. Wiki mbili hazikuisha, vijana wetu walikuwa wanarudishwa Dar es Salaam kwa ndege, wengine na begi moja. Risasi hazikutofautisha aliyekuwa wa kwanza darasani na aliyekuwa wa mwisho. Walichorudi nacho ni kile kilichokuwa vifuani mwao. Hicho ndicho walichokuwa nacho tangu mwanzo. Mengine yote yalikuwa majengo.

SITA: CHETI KISICHOSIKILIZA KINAHARIBU ARDHI

Sisi watu wa Hanang tuna mfano wetu, hatuhitaji kwenda mbali. Kuanzia miaka ya 1970, katika nyanda za Basotu yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano chini ya NAFCO, kwa msaada wa Canada. Ekari zikafika karibu laki moja. Waliokuja walikuwa wasomi hasa. Walijua mbegu, walijua trekta, walijua kupima udongo.

Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na ndani yake ilikuwamo sehemu yenye rutuba kuliko zote, waliyoiita muhajega. Wao walikuwa na mpango wao wa kuhamisha mifugo kwa misimu, leo hapa, kesho pale, ili majani yapumzike. Huo ulikuwa utaalamu, ila haukuwa na joho. Waliouliza walikuwa wachache mno. Malisho yakalimwa, njia za ng'ombe zikafungwa, na hata makaburi ya wazee wao yakapitiwa na majembe ya trekta. Wenyewe walilalamika mpaka mahakamani. Mifugo ikabanwa kwenye sehemu iliyobaki, nayo ikachoka.

Sisemi ngano ni haramu, wala sisemi kila mtaalamu ni mbaya. Nasema elimu ikiwa imepandishwa juu ya kiti, haisikii anayezungumza akiwa amekaa chini. Na anayelipia ni maskini.

Ukitaka kuona elimu ikikaa mahali pake, kumbuka tarehe 3 Desemba 2023, mlima wetu ulipomeguka na tope likashuka Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Walikuja wanajeshi, madaktari na wataalamu wa miamba, waliotueleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikaporomoka. Walikuwepo pia vijana wenye majembe na kina mama wenye masufuria. Mwenye digrii alihitajika na mwenye koleo alihitajika. Kwenye tope lile hakuna aliyemuuliza mwenzake amesoma wapi. Waliulizana: "Umemwona mtu hapa?"

MAJIBU KWA WATAKAONIPINGA

Najua watakaosema: "Huyu sheikh elimu yake ni madrasa na sekondari, sizitaki mbichi hizi." Ndugu yangu, kama jibu lako kwa hoja ni kutazama cheti cha msemaji, umeshanithibitishia somo lote. Ichukue hoja, ivunje. Mimi niache.

Atasema mwingine: "Kwa hiyo vyuo vyote ni sawa, na cheti hakina maana?" Sikusema hivyo. Kuhakiki elimu ya mtu ni amana. Sitaki mwanangu apasuliwe na daktari wa kujitangaza. Mwaka 2017 serikali ilipohakiki ilikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na kuwaondoa ilikuwa haki. Cheti cha nje kipelekwe TCU kikatazamwe, na chuo chenye walimu wazuri na maabara nzuri kitafutwe. Lakini kuhakiki kuna mpaka wake. Unauliza: anajua? Ni mwaminifu? Basi, mpe kazi. Ukiendelea kuuliza ili ujue umheshimu kiasi gani kama binadamu, umeshatoka kwenye amana umeingia kwenye kibri.

Mwingine ataniletea ile kauli ya kutafuta elimu hata Uchina. Wanachuoni wa Hadithi wameidhoofisha, na wengine wameikataa kabisa. Hata hivyo kusafiri kwa ajili ya elimu ni sunna ya wema waliotangulia, sikatai. Ila elewa kwamba walisafiri kumfuata mtu mwenye elimu. Sisi tunasafiri kufuata jina la lango. Imamu Malik hakuhama Madina yake kutafuta elimu, na watu walimfuata kutoka Andalusi. Tena imepokewa kwamba aliulizwa maswali mengi, akajibu machache, yaliyobaki akasema hajui. Mhitimu gani wa leo ana ujasiri huo? Imamu Shafii, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, alikuwa yatima. Mama yake hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Kwa ngazi zenu asingepita hata mlangoni.

Na hapa Afrika Mashariki, Habib Swaleh alipotoka Ngazija kuja Lamu katika karne ya 19, waungwana wa mji walikuwa na elimu yao, na watoto wa watumwa na wanyonge hawakuwa na nafasi ndani yake. Yeye akaketi na wanyonge Langoni, akawasomesha. Wakubwa walichukia. Leo msikiti wake wa Riyadha unajulikana Afrika Mashariki nzima, na watu wanasafiri kwenda kwenye Maulidi yake kila mwaka. Sheikh Abdallah Saleh Farsy naye alisoma Unguja mbele ya masheikh wa Unguja, na tafsiri yake kamili ya Qur'ani ilipotoka 1969, ilimfikia Mswahili wa Pwani na wa Bara. Ni nani katika ninyi mwenye vyeti vitano amewafikia watu wengi kiasi hicho?

TUFANYE NINI?

Wewe uliye nje: leo hii mtafute kijana mmoja uliyemdharau kwa sababu ya chuo chake, umpigie simu, umuulize anasoma nini na unaweza kumsaidia nini. Ukiwa umekwama, waambie nyumbani ukweli. Kufeli si dhambi. Uongo ndio dhambi. Na ukirudi likizo, kabla hujapanda kwenye mimbari yoyote, nenda kwa mwalimu wako wa kwanza, kaa chini ya mkeka wake, umsomee.

Wewe mzazi: acha kuwauliza watoto wa wenzako wamefika nchi gani. Waulize wanaswali? Wanajua kazi? Wana afya? Na mwanao akikupigia simu akasema "baba, imeshindikana, nataka kurudi", jibu lako liwe neno moja: "Rudi." Hayo mengine mtazungumza akiwa amekaa jikoni anakula.

Wewe kiongozi wa msikiti: mwalimu wa madrasa akae mbele. Bati lake lizibwe kabla ya kununua kapeti jipya la wageni. Mhitimu akija, tumkaribishe, tumsikilize, tumpe watoto awafundishe hesabu na Kiingereza jioni. Tumwone kwa kazi.

Na sote tubadilishe swali. Badala ya "ulisoma wapi?", tuulizane "umejifunza nini, na nani amefaidika?" Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimwomba Allah amkinge na elimu isiyonufaisha. Kama yeye aliiogopa, sisi tumepata wapi usalama?

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, na nyoyo zenye unyenyekevu. Wahifadhi vijana wetu walio mbali, wafiche aibu zao, wafungulie njia za kurudi kwa wazazi wao wakiwa hai. Warehemu walimu wetu waliotufundisha herufi ya kwanza, waliotangulia na waliobaki. Amin.

Ukiona ujumbe huu una faida, mfikishie ndugu yako aliye nje ya nchi. Na ukiwa na mwalimu wako wa madrasa ambaye bado yu hai, usimtumie ujumbe. Nenda kamsalimie.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yenu, imamu, Mogitu, Hanang.